Plasta Juu ya Taa Nyekundu

Alhamisi. Ukungu umetukalia tangu asubuhi, na mvua ya vuli inanyunya kidogo, inaacha, inanyunya tena kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Hapa kibarazani ninapoandika naliona gari langu. Nyuma limelala, mbele limenyanyuka, kama mbwa anayesubiri mfupa. Shokapu zake ni za hewa, na hewa imetoka. Hilo ndilo tatizo dogo.

Naogopa.

Mnaonisoma hapa mnajua mimi si mtu wa kuogopa. Nimemtania mchungaji akiwa madhabahuni. Nimemwambia mwalimu wangu wa darasa la nne kwamba hesabu zake hazijui njia ya kwetu, na shule ikaniishia hapo hapo. Lakini leo hata makande ya mchana yamenishinda, na Mama Nakiete, mke wangu, akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Homa sina. Nilichokuwa nacho ni ahadi. Kesho saa mbili asubuhi nilitakiwa kumshusha Elieskia kutoka huku juu Chome hadi hospitali ya Same, akiwa na tumbo la miezi minane na nusu, kwa gari lisilo na breki. Na huku juu aliyejua halina breki ni mimi peke yangu.

Nianze mbali kidogo, maana nisipoanza mbali mtanitukana kabla hamjanielewa.

Kila Krismasi watoto wa huku wanapanda kutoka Dar na magari yao, wanayapanga nje ya kanisa kama ng'ombe wa mahari. Sisi wazee tunapita katikati kwa miguu, tunajifanya hatuoni. Mwaka jana mmoja aliniambia, "Babu, usiegemee hapo, rangi itachubuka." Mimi! Mtoto niliyemfuta kamasi! Nikaapa moyoni. Nikauza miti yangu ya mbao na ng'ombe wawili, nikaenda Moshi, nikanunua gari la Mjerumani lililotumika, la bosi mmoja mstaafu. Viti vya ngozi, kioo cha juu kinafunguka uone mbingu. Bei yake ilikuwa ndogo hata nikadhani bosi amezeeka akili. Kumbe aliyezeeka akili ni mwingine, na alikuwa anahesabu noti akicheka.

Kununua ni siku moja. Kumiliki ni kila siku. Oili yake si ile ya bodaboda, ina jina refu na inaagizwa. Tairi zake Same hakuna. Ufunguo una betri, na betri ikifa unasimama nje ya gari lako kama mwizi. Likiumwa, fundi haligusi mpaka alichomekee kompyuta, na kompyuta nayo inatoka Moshi na nauli yake, kama mganga. Hayo yote sikumwambia mtu. Mama Nakiete akiniuliza mbuzi yule mweusi kaenda wapi, nasema ametoroka. Ametoroka kwenye tairi la mbele kushoto.

Sasa sikiliza uovu wenyewe.

Gari lilikuwa linagusisha tumbo kwenye mawe ya barabara yetu. Nikasimama kwenye mkutano wa kitongoji, nikavua kofia, nikasema, "Jamani, gari hili si langu. Ni la kina mama wajawazito na wagonjwa wa huku juu. Lakini litapitaje?" Nikatoa na chozi, moja, la jicho la kulia. Mwenyekiti akapiga pembe, watu wakatoka msaragambo, kazi ya wote. Kwetu pembe ya msaragambo ikilia hakuna wa kubaki nyumbani, iwe mfereji, iwe darasa la shule. Safari hii ilikuwa tumbo la gari langu. Siku nne walichimba. Mbonea, mume wa Elieskia, ndiye aliyevunja lile jabali la kwenye kona kubwa, kwa nyundo, siku mbili, kidole kikapasuka akakifunga kitambaa akaendelea. Mimi niliwapelekea togwa na vichekesho.

Walipomaliza, barabara ilikuwa laini, na mimi nikajiona mjanja kuliko wote kuanzia hapa hadi Bendera kule bondeni.

Jumatatu nilishuka peke yangu. Nilipofika kwenye kona ile ya jabali nikakanyaga breki, na mguu ukaenda mpaka chini kama nimekanyaga matope. Gari halikupungua. Kulia kwangu kulikuwa na ukungu, na chini ya ukungu ule najua kuna nini, nimechunga mbuzi kule. Nikavuta gia ndogo, gari likapiga kelele, nikalisukumia ubavu kwenye tuta la udongo. Udongo ule ule walioutoa kina Mbonea. Ukalishika. Nikakaa ndani, mikono haiachii usukani, nikaona suruali imelowa. Sikumwaga chai. Nasema kweli, huu ni ukurasa wangu.

Nilitambaa mpaka Same kwa gia namba moja. Fundi akavua tairi, akaita wenzake waje kuona.

"Mzee wangu, shikamoo tena," akasema. "Hapa pedi hakuna, chuma kinasaga chuma. Diski zimechimbika. Mafuta ya breki yamekuwa kama chai ya juzi. Umeshukaje?"

"Kwa maombi."

"Basi maombi yamekwisha. Kupanda, panda. Kushuka, usishuke nalo."

Vifaa vinatoka Dar. Akataja bei, nikamwuliza kama wanavifunga pamoja na gari jingine. Akacheka. Mimi sikucheka.

Ningeliacha pale. Lakini mtu angeniuliza gari liko wapi, babu? Nikapanda nalo. Taa nyekundu ya breki ikaniangalia njia nzima, haipepesi. Nilikuwa na plasta mfukoni, nesi wa zahanati alinipa ya kidole cha mguu. Nikaibandika juu ya taa. Ikawa giza pale, nikapumua vizuri, kama mtu aliyetengeneza kitu.

Jana wakaja Mwenyekiti na Mbonea. Nesi ameona Elieskia asisubiri uchungu huku juu, maana mtoto wa kwanza alitolewa kwa kisu. Ashuke mapema, akangojee karibu na hospitali.

"Tukasema ndiyo sababu tulichimba," Mwenyekiti akasema. "Ijumaa asubuhi, mzee?"

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Gari bovu. Breki hakuna. Maneno mafupi, hata mtu wa darasa la nne anayaweza. Nikamwangalia Mbonea, kitambaa bado kiko kidoleni, nikasema, "Mbona mnaniuliza? Gari ni lenu."

Walipoondoka nikajipa hesabu zangu. Nitashuka polepole. Nitatumia gia. Elieskia ni mwembamba, hana uzito. Unaona shetani anavyojua hesabu?

Leo asubuhi Mbonea akaja na ndoo na kipande cha kanga ya mkewe. Amekuja kuosha gari. Akaleta na godoro dogo la kumlaza kiti cha nyuma. Nikakaa kibarazani namwangalia anavyosugua lile tope la Jumatatu ubavuni, hajui ni udongo wa nyundo yake. Akafungua mlango, akafuta usukani, akafuta dashibodi. Kisha akatoa kichwa.

"Babu, hii plasta ya nini?"

Na mdomo wangu huu, ambao haujawahi kuniomba ruhusa, ukajibu: "Lilijikata likinyoa ndevu."

Akacheka. Akacheka mpaka akashika mlango. "Babu wewe! Nitamwambia Elieskia. Usiku kucha analia kwa woga, acha nimchekeshe."

Nimesikia watu wakicheka maneno yangu miaka mingi. Hiki kicheko kiliniingia kama maji baridi. Elieskia anaogopa usiku kucha, na mimi ndiye wa kumtoa woga. Mimi na plasta yangu.

Nikasimama. Nikaingia kwenye gari, nikaliwasha, nikaishika plasta kwa kucha, nikaibandua. Taa ikawaka.

"Mbonea, mwanangu. Gari halina breki."

Akadhani ni utani mwingine. Akangojea mwisho wake. Mwisho haukuja, na uso wake ukabadilika taratibu.

"Umejua lini, babu?"

"Jumatatu. Kwenye kona yako."

"Jana ilikuwa Jumatano."

"Ndiyo."

"Ukasema gari ni letu."

Akakamua kile kipande cha kanga, akakikunja vizuri, akamwaga maji ya ndoo, akaweka godoro kichwani, akaenda. Hakunitukana. Ningempa mbuzi aliyebaki ili anitukane.

Mchana nimemtuma Mama Nakiete kwa Mbonea na pesa za kukodi pikapu inayoteremsha kabichi Same. Mwenyewe niliogopa kwenda. Ilibidi nimwambie na yeye kila kitu, hadi mbuzi mweusi. Amerudi na pesa zote mkononi.

"Amesema pikapu ameshailipia. Amesema hizi babu anunulie breki."

Akaniwekea hapa juu ya meza. Bado ziko hapa, sijazigusa.

Saa kumi pikapu imepita. Elieskia amekaa mbele, Mbonea nyuma juu ya kabichi na lile godoro. Elieskia hakugeuka kuangalia huku. Nikasimama kwenye ukungu nikaisikiliza inashuka. Dereva alipofika kona ya jabali akaingiza gia ndogo, injini ikanguruma, kisha ikanyamaza. Nikashika nguzo ya kibaraza. Ikanguruma tena, chini zaidi, mbali, imepita. Ile barabara niliyowadanganya waichimbe, imempitisha.

Nilidhani woga ungeshuka na ile pikapu. Umebaki huku. Umehamia tu kutoka kwenye kona kwenda kwenye watu. Mbonea hajamwambia Mwenyekiti, Mama Nakiete alimwuliza. Ameniachia niseme mwenyewe.

Kwa hiyo asubuhi nitakwenda kwa Mwenyekiti kabla hajanywa chai, nimwombe apige pembe. Watu watatoka na majembe wakidhani kuna kazi. Watanikuta mimi nimevua kofia, safari hii bila chozi. Sijui nitaanzaje. Mtu aliyezoea kuchekesha, akisema ukweli nani atamwamini? Na wakiniamini, nitapita vipi tena mbele yao?

Nimejaribu hapa sasa hivi, kwa sauti ndogo, kusikia inavyotoka: "Gari halina breki, na nilijua."

Mama Nakiete anapepeta mchele jikoni. Hajainua kichwa.

"Sema kwa nguvu, Baba Nakiete," amesema. "Wa nyuma hawatasikia."