Shikamoo Isiyoitikiwa Monasterini

Mjukuu wangu Zuhura,

Nakuomba haya yabaki kati yetu. Usimsomee mama yako hata neno moja, maana anaamini sijawahi kuogopa kazi. Huku Tabora tu wazima, na shangazi yako amerudi kutoka Puge na karanga mpya.

Umeuliza kama urudi nyumbani kwa kuwa ofisini hawakusemeshi. Mimi nilipoajiriwa ukarani kwenye monasteri ya masista, njia ya Ulyankulu, asubuhi ya kwanza niliwakuta wakichota maji. Nikawaamkia wote, "Shikamooni!" Hakuna aliyeitika. Kwetu mjini, mkubwa asipoitikia shikamoo yako, amekukataa. Nikafunga mkoba, nikaenda getini kungoja gari la kurudi nyumbani.

Misa ilipoisha, sista mzee kuliko wote akanijia mbiombio.

"Marahaba, binti! Yangu na ya wenzangu wote! Tangu sala ya usiku mpaka misa iishe, sisi hatusemi. Kumbe hukuambiwa?"

"Sikuambiwa, Sista. Mimi Mwislamu."

"Basi shikamoo yako nusura inichekeshe na ndoo kichwani!"

Akaubeba mkoba wangu mpaka jikoni, akanimiminia uji. Ndipo pumzi ikanirudi. Nilifanya kazi pale mpaka nikaolewa.

Sijui wenzako wananyamazia nini. Muulize hata mmoja kabla hujafunga begi.

Ukitaka kunipata, piga simu ya shangazi yako baada ya adhuhuri, umwambie aniletee uani, huko mtandao unashika. Tusipopokea, piga tena.

Bibi yako