Maji ya Tangi la Samaki

Shoga, fundi wa tangi la samaki ndiyo kwanza ametoka. Sijui nicheke au nilie.

Siku kumi nabadilisha yale maji kila asubuhi, jioni yamerudi kama yameoshewa mchele.

Fundi kaangalia, kasema: "Dada, tangi jipya lazima maji yawe na ukungu. Yakiachwa yanatulia yenyewe. Wewe ndiye huyaachi. Kila ukiyabadilisha, yanaanza upya."

Mume wangu yuko kwenye kochi, macho kwenye simu. Akasema, "Mwambie tena."

Nikadhani utani. Hakucheka. Fundi akajifanya anahesabu samaki, na wako wawili tu.

"Mwambie tena." Shoga, tangu tupatane akarudi nyumbani, kila siku namuuliza kama tuko sawa.

Nimekaa tu. Ndoo iko miguuni, sijaigusa.