Nusu Kichwa

4 Machi

Mpwa wangu muuguzi,

Natumai u mzima, na kama si mzima basi uko karibu na dawa. Sisi tunapumua. Mkazamjomba wako anakusalimu, mimi nakulalamikia.

Huyo mpuuzi wa kliniki yenu anayeniandikia "Hujambo?" kila Jumatatu ni nani? Simu iko chini ya kioo, nina kichwa cha mteja mkononi, mara inalia. Mteja anasoma kabla yangu. "Kinyozi, umepata mchumba?" Kujuliwa hali na mashine! Hata kuku huitwa na mtu. Nimewajibu wanavyostahili.

Mjomba wako

11 Machi

Shikamoo Mjomba,

Huku hatujambo, mafua tu.

Hakuna mpuuzi, ni kompyuta. Salamu tumeifanya fupi ili akiiona mtu mwingine asijue unatumia dawa za virusi. Wewe jibu "Sijambo" au "Shida", basi. Asiyejibu hivyo, jina lake linaletwa kwangu nimpigie. Lako limekuja na "Mbwa nyie". Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Kipimo chako cha mwisho kinaonyesha virusi vimepanda. Dawa unameza?

Mpwa wako

19 Machi

Mpwa,

Marahaba. Pole na mafua.

Usinifundishe kumeza, nilikuwa nameza kabla mama yako hajaota meno. Nyumba yangu ni chumba nyuma ya pazia la saluni, na saluni haiishi watu. Nikishika lile kopo la vidonge linapiga kelele, shingo zote zinageuka. Nani atanipa kichwa chake akijua? Watu wa mtaa huu akili zao hazijazi kisoda, lakini wana nywele, na nywele zao ndizo zinazotulisha. Iambie kompyuta yako ikatafute kazi.

Mjomba wako

27 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Leo sikuulizi hali, maana naijua.

Mwezi mzima sasa simu yako inajibu "Sijambo, asante." Hapa wakafurahi, mkorofi amelainika. Mimi nikaingiwa na baridi. Tangu nizaliwe hujawahi kumshukuru mtu. Jana nikaja. Mkazamjomba akasema umesafiri, na simu yako iko mfukoni mwake. Nyuma ya pazia mtu akakohoa. Akaongeza sauti ya redio. Nilitaka kulifunua, akanishika mkono.

Miaka yote nilidhani una kiburi, nikakiheshimu. Kumbe ni woga. Unawaita watu wapumbavu, halafu unakufa ili wasikuseme! Nakudharau, Mjomba. Naandika nalia, lakini ndivyo. Nafasi yako ni Jumatano. Usipokuja, Alhamisi naleta gari la wagonjwa na king'ora chake, mtaa mzima utoke nje.

Mpwa wako

1 Julai

Mpwa wangu,

Salamu kwako, na kwa huyo daktari anayecheka ovyo.

Tangu nije Jumatano ile kifua kimetulia, dawa zote nameza, za TB na zile nyingine. Suruali zimeanza kukaa kiunoni. Hakuna aliyewahi kunitukana vile akabaki na meno yake. Wewe umebaki nayo, shukuru.

Jana nilikuwa namnyoa mwenye nyumba wetu, yule ambaye mdomo wake hauna mlango. Simu ikalia, akaisoma. "Nani huyu anakusalimia kama mtoto?" Nikachoka. Nikamwambia ni kliniki, nina virusi, wananijulia hali.

Mashine ilikuwa imefika katikati ya utosi. Upande mmoja unang'aa, mwingine kichaka. Aende wapi? Akatulia kitini, wima, macho kwenye kioo. Nikamaliza, nikampangusa shingo, akaondoka bila neno. Yule, bila neno!

Mkazamjomba wako hakulala. Anasema tutafukuzwa. Mimi nawadharau wote kama zamani, lakini leo nimepiga deki mara mbili, nimekaa kwenye kiti cha wateja, natazama mlango. Hajaingia mtu bado.

Mjomba wako