Kuyumba kwa Maalim Rashid

Likoni, 9 Julai 1961

...na hapo ndipo nilipomkamata, Dada Mwanasaumu. Shikamoo, salamu zilipaswa kutangulia lakini mkono hauna subira. Sisi wazima. Rama wangu akirudi kutoka kazini Kipevu huniletea asumini mfukoni mwa shati, na moyo hunienda mbio kama sijaolewa bado.

Tangu Maalim Rashid amtoe Baba kwenye halaka, duara la dhikri, mbele ya watu, "Mzee, wamtaja Mungu au wacheza ngoma? Kuyumba ni haramu," sijamsamehe. Nilimwalika makusudi kwenye hitima ya marehemu baba mkwe. Nilijua aliyelelewa chuo cha Kurani, wanakosoma wakiyumba tangu utoto, hawezi kusoma akatulia. Akaanza Yasini, na mwili nao ukaanza, mbele, nyuma. Alipomaliza, Rama akamuuliza kwa adabu, "Maalim, mtu akiyumba akimtaja Mungu, hukumu yake ni ipi?"

"Haramu."

Nikasema nyuma ya pazia, "Na wewe, Maalim, ulikuwa ukibembeleza mtoto?"

Jirani yangu Bi Waridi akaongeza, "Hata mkeka umelalamika."

Watu walicheka hadi pilau ikapoa. Mwambie Baba nimemlipia kisasi.

Mdogo wako,
Mwanabibi

Mishomoroni, 15 Julai 1961

Mdogo wangu, marahaba. Hatujambo, ila Baba chakula hakimpandi. Nilicheka, wallahi, kisha nikajuta. Maalim hatoki nyumbani, chuo kimefungwa. Baba asema hukumu huulizwa wanachuoni, haikatwi kwa kicheko. Kwenye dhikri hajarudi. Aona haya, wasije wakasema alikutuma. Ataka uje umwombe Maalim radhi.

Dada yako,
Mwanasaumu

Likoni, 20 Julai 1961

Dada, shikamoo. Barua yako nimeisoma nimeegemea kifua cha Rama, nikalia, akanifuta machozi kwa kanzu yake mpya. Basi tumemuuliza sheikh wa Rama. Asema anayeyumba kidogo kwa kumpenda Mola wake hana dhambi. Lililokatazwa ni kucheza na kujionyesha.

Nitamwomba Maalim radhi, kwa kuwa Baba ameniamuru. Lakini nitamwomba siku ya Alhamisi, mlangoni mwa msikiti, mbele ya watu wale wale waliomwona Baba akitolewa, na sheikh atatangulia kusema hukumu yake. Maalim akimshika Baba mkono akamrudisha kwenye halaka, nami nitaubusu mkono wa Maalim. Asipomshika, nitarudi Likoni na radhi yangu.

Mwambie Baba aifue kanzu yake. Tutavuka kabla mwezi haujaisha.

Mdogo wako,
Mwanabibi