Shemeji Kapanga Nepi za Wagonjwa Mlangoni

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijamfukuza mtu kwa ufagio. Nina duka la mahitaji ya nyumbani, nimelijenga mwenyewe miaka tisa, na mwezi uliopita mume wangu kamleta mdogo wake anisaidie kwa kuwa kasomea masoko, na huyo shemeji hata wiki haijaisha akaanza kupangua rafu zangu, eti kuna bidhaa za kila siku ambazo mtu hununua bila kufikiri, kuna za kuchagua na kulinganisha, kuna za watu maalumu, na mimi zote nimezichanganya kama rundo la mitumba. Nikanyamaza, maana mume alisema, "Mwache, mwenzio kasoma."

Basi akatoa nepi za watu wazima chini ya kaunta, ninapoziweka zimefungwa gazeti, akazipanga mlangoni na sabuni na biskuti, juu kabandika karatasi: CHUKUA TATU, YA NNE BURE. Mnunuzi mkubwa wa nepi hizo ni mwalimu mstaafu, mkewe kapooza, na kila Ijumaa huja akasema tu, "Mama, nipe ule mzigo wangu." Ijumaa ile kaingia duka limejaa watu, nusu yao aliwafundisha yeye, shemeji akapaza sauti, "Karibu mzee, saizi yako ipi, kubwa au ya kati?" Watu wakacheka, mwalimu akanunua kiberiti akatoka, na leo ni wiki ya tatu hajarudi. Shemeji anasema nepi hutumika kila siku, kwa hiyo ni bidhaa ya kila siku, mume anamuunga mkono, mimi nachemka, na nakiri kwako peke yako kwamba siku ile hata mimi nilicheka. Nimfukuze?

Mwenye Duka

Mwenye Duka,

Una hasira, na mimi ninayo, ila nusu ya yangu ni juu yako. Shemeji yako kakariri majina ya mafungu, basi. Bidhaa hupangwa kwa jinsi mnunuzi anavyoiendea. Kiberiti mtu anakitaja hata hajaingia ndani. Sufuria ataigeuza, ataigonga, kisha aende duka la pili akaulize. Lakini iko bidhaa ambayo hakuna aliyeamka akaitamani. Anainunua kwa sababu maradhi yameingia nyumbani, na anataka kuipata bila kuitaja. Hiyo haipigiwi debe. Wewe ulilijua hilo miaka tisa, naye hakukuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Na wewe uliyejua ukanyamaza.

Usimfukuze. Mtoe kaunta, mpeleke stoo apange maboksi, na akitaka kuhamisha hata sindano akuombe ruhusa. Mumeo mwambie duka lina mwenyewe; mwambie akiwa ameshiba, bila kelele. Ile karatasi ichane leo.

Sasa kicheko chako. Umeniandikia habari za rafu, za shemeji, za mume, lakini yule mgonjwa umempa maneno mawili tu: mkewe kapooza. Mwanamke yule hawezi hata kujigeuza. Wiki tatu hizi analalia nini? Hukujiuliza, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko shemeji na masoko yake. Funga mzigo, upeleke mwenyewe, usimtume mtu, wala usihubiri. Sema, "Mwalimu, nilicheka, nimekosa," kisha umkabidhi. Akikufungia mlango, uache kizingitini uondoke. Funga duka sasa hivi uende. Wateja wa sabuni watasubiri.