Kumwona, Kuonana

4 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko uliko. Sisi hatujambo, ila macho ya Mama yanamsumbua kidogo. Nitakueleza siku nyingine.

Nakuandikia nikiwa na hofu. Mkuu wa masjala amenikabidhi ile tovuti uliyowatengenezea kabla hujaondoka, ambayo watu huangalia kama majalada yao yako tayari. Anasema karani aliyesoma kompyuta shuleni hawezi kushindwa na kazi ya kaka yake. Niliufungua msimbo wako, ile mistari ya kuiamuru kompyuta, kwa uangalifu, nikakuta maneno ya nyumbani: kifunguamimba mahali fulani, kitindamimba mahali pengine. Kifunguamimba wetu ni wewe, kitindamimba ni mimi, nikajua umeniandika kwa utani. Niliona haya wakubwa wasije wakausoma, nikaufuta mstari ule wa kitindamimba. Tangu saa nne asubuhi tovuti inazunguka tu, haifunguki. Watu wamejaa dirishani na simu zao mkononi. Mkuu ameuliza nani kagusa, nami nimenyamaza. Nisaidie kabla hajajua.

Mdogo wako


5 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo tu unalalamika kwa kukaa.

Nimecheka, kisha nikaacha kucheka. Haukuwa utani. Kifunguamimba ni jalada la kwanza kwenye orodha, kitindamimba ni la mwisho. Kompyuta huanza kwa yule, hupita mmoja mmoja, na ikimfikia huyu hujua imemaliza. Ukimfuta, inatafuta bila kukoma, kama Mama alivyokuwa akituhesabu jioni na mmoja hayupo. Mrudishe mahali pake. Kisha mwambie mkuu wako ukweli. Kosa la msimbo hurekebishwa. La kunyamaza huota mizizi.

Tovuti ile niliiandika kwa PHP, lugha yangu ya kwanza ya kompyuta. Tangu nije huku kila ofisi ina lugha yake, na kila lugha ina watu wanaoicheka ya jana. Nimejifunza saba, na hakuna hata moja ya kumwamkia Mama. Nina saa inayonipimia dakika ishirini na tano za kazi na tano za kupumzika, nina programu tatu za kunikumbusha mambo, na bado nasahau kula.

Nimekufungulia ubao wangu wa kazi, upo mtandaoni, ujifunze kupanga zako. Una safu tatu: Ya kufanya, Inafanywa, Imekwisha. Kila kazi ina kadi yake, unaisogeza. Kadi zangu usiguse.

Kaka yako


21 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo, na pole na mgongo. Kitindamimba amerudi mahali pake na tovuti inafunguka. Mkuu nilimwambia, nikiwa bado nimeshika kitasa cha mlango. Alinitazama, akasema afadhali karani mwoga anayesema kuliko shujaa anayeficha, akanituma majalada.

Kuhusu Mama sasa. Daktari wa macho anasema mshipa unakauka, na kilichokwisha kwenda hakirudi. Dawa ya matone inachelewesha tu. Huenda mwaka usiishe kabla hajapofuka. Mama alinikataza kukuandikia haya. Kwa hiyo unaposoma hapa nimeshamwasi.

Na ubao wako nimeuona. Chini kabisa ya safu ya kwanza kuna kadi, “Kwenda kumwona Mama”. Ina miaka minne. Kadi nyingine zinaingia juu yake, zinavuka safu, zinakwisha, yenyewe ipo. Mama aliniuliza ninasoma nini kwenye simu, na mimi kudanganya sijui. Nikamsomea. Akasema: “Kumwona ataniona. Hata kaburi huonwa. Mwambie mimi nataka kuonana.”

Mdogo wako


9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, na nisamehe kwa ukimya. Niko mzima wa mwili.

Tunahamisha tovuti nzima kutoka lugha moja kwenda nyingine. Kila nikisema wiki hii inakwisha, inazaa mbili. Lakini huo si ukweli wote, na wewe nimekufundisha kusema ukweli. Mara tatu nimeomba likizo, mara tatu nimekubaliwa, na mara tatu nimeirudisha mwenyewe. Nilimuaga Mama mlangoni nikamwambia nitarudi kazi ikiisha. Kazi hii haina kuisha. Nitasimama mlango uleule nimwambie nini?

Kadi nimeipandisha juu. Mpe matone yake.

Kaka yako


28 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama anakula, analala, anatania majirani.

Hazioni tena sura za watu. Rangi kali bado anazipata, hasa nyekundu; nikitoka kazini ananijua mlangoni kwa ile sweta yangu nyekundu. Juzi alimkaribisha muuza magazeti kwa jina lako la utotoni, kwa kuwa alikuwa mrefu kama wewe. Mtu yule kwa adabu aliitikia, akakaa kidogo, akaondoka.

Nimefanya kosa la pili, na hili kwa makusudi. Tangu niajiriwe sijawahi kugusa jalada la mtu bila saini yake. Leo nimegusa kadi yako. Nimefuta “Kwenda kumwona” nikaandika “Kuonana na Mama”. Ubao huandika ni nani kabadilisha, kwa hiyo jina langu lipo hapo, na sitalifuta.

Uliniambia bila kitindamimba hesabu haijui pa kukoma. Mimi nipo, Kaka, kila jioni. Lakini bila kifunguamimba inaanzia wapi? Hakuna atakayekuuliza mlangoni kuhusu kazi. Mama hana macho ya kupoteza kwa kukukasirikia.

Mdogo wako


6 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako haijaja, nami kila asubuhi nilijiambia umekasirika.

Leo, kabla dirisha la masjala halijafunguliwa, niliuangalia ubao. Kadi imehama. Hukuandika neno, wala maneno yangu hukuyabadilisha; umeisogeza tu hadi safu ya kati. Nimeomba ruhusa, mara ya kwanza tangu niajiriwe, nikaenda nyumbani karibu mbio. Nilimwambia Mama: “Inafanywa.” Akauliza inafanywa na nani. Nikasema na mwenyewe. Alijifuta mikono mara mbili, ingawa haikuwa na maji, akahamisha kiti chake kikaelekea mlango.

Siku sijui, saa sijui, na sikuulizi. Neno moja tu, ulipate njiani: njoo umevaa nyekundu. Mimi sweta yangu amenivua, ameikunja na kuiweka chini ya mto wake. Anasema mpaka ufike nisiivae, asije akakosea mtu mlangoni.

Mdogo wako