Siku Niliyoulizwa Habari za Kungoja

Homa Bay,
Jumapili jioni

Kwako Baba yangu, Mzee Jeremiah,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama. Kifua chako kimetulia, au bado kinakubana ukiingia kwenye banda la kukaushia tumbaku? Na mguu wa Mama je? Mimi ni mzima, ila ni mwili tu ulio mzima. Moyo una mambo yake, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu, maneno yakianza kuwa mazito, wewe humpa Mama. Mokua, huyu anayeleta samaki huko Kehancha, ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi. Nakuomba uisome peke yako.

Nianze na habari unayoisubiri. Kwamba chuo cha Kanada kilinikubali unajua, maana uliitangaza kanisani kabla hata mimi sijaizoea. Lakini kulikuwa na sharti: nithibitishe kwa mtihani kwamba Kiingereza nakijua. Nilicheka, kisha nikakasirika. Tangu nikiwa mdogo mitihani yangu karibu yote ni ya Kiingereza. Uuguzi nimesomea Kiingereza. Hapa wodini mgonjwa hulia kwa Kijaluo nami naandika kilio chake kwa Kiingereza. Lakini mwombaji hachagui, nikaenda Kisumu kufanya huo mtihani.

Nilianguka, Baba, na nikawaficha. Nilipowaambia kwamba majibu yamechelewa, yalikuwa tayari yamefika. Kusoma, kusikiliza na kuandika nilipita bila shida. Kilichoniangusha ni kuongea. Mtahini alikuwa mzee mwenye mvi, wa rika lako kabisa, tumeketi wawili tu chumbani. Nami nikafanya kama ulivyotulea: mkubwa akikuuliza, unajibu alichouliza, unatazama chini, unanyamaza. Aliponiuliza kama napenda mji ninaoishi, nikasema ndiyo. Aliponiuliza kwa nini, nikasema ni mji mzuri. Alingoja niendelee, nami nikangoja aulize tena. Niliondoka pale nikijisifu kwa adabu yangu.

Scovia, muuguzi mwenzangu, alicheka mpaka akaketi. Akanieleza kwamba wale hawapimi adabu, wanapima maneno, na asiyeongea wanamhesabu kuwa hajui. Akaniambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na tangu hapo kila tukipata nafasi ya chai ananifanya nipayuke. Nimepayuka kuhusu likizo ambazo sijawahi kwenda, filamu ambazo sijaona, na mwalimu niliyempenda. Nikarudi Kisumu nimejaa maneno kama redio.

Mtahini alikuwa mwingine, ila naye mzee. Akanipa kikaratasi chenye swali, nami nilitakiwa kufikiri kidogo kisha niongee peke yangu bila kukatizwa. Swali lilisema nieleze siku ambayo nilimngoja mtu kwa muda mrefu. Haikuwa likizo wala filamu. Nilijaribu kutunga uongo mdogo, nimngoje Scovia stendi, nimngoje daktari. Mdomo ulipofunguka nikasikia unasema Macalder, kule machimboni.

Nilimweleza habari za Boaz. Najua jina hilo halitajwi mbele yako tangu tumzike, lakini leo nalitaja. Nilimweleza jinsi shimo la dhahabu lilivyomwangukia kaka yangu, na jinsi tulivyokaa ukingoni tukingoja wachimbaji wamtoe, Mama akiwa ameshika shati lake. Hayo kila mtu anayajua. Kisha nikasema lile ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Baba, asubuhi ile nilikuwa nyuma ya rundo la mawe nikisugua sufuria. Nilimsikia Boaz akikwambia kwamba udongo umelegea kwa mvua, akiomba mngoje ukauke. Nikakusikia ukimwambia kwamba uvivu haujawahi kumlisha mtu, ashuke. Alishuka. Na matangani nikakusikia ukiwaambia watu kwamba mtoto alikuwa mkaidi, alishuka bila kutumwa. Mama aliamini. Mpaka leo huwa anasema, laiti mwanangu angekuwa msikivu. Kila akisema hivyo wewe hutoka nje, nami hubaki ndani naye, nimefunga mdomo kwa ajili yako.

Mzee yule alinisikiliza mpaka mwisho. Nadhani alitaka kunipa pole, lakini kazi yake haimruhusu. Akatazama karatasi yake akaniuliza, kama alivyotakiwa, kama naona watu wa siku hizi wana subira kuliko watu wa zamani. Nami nikajibu, Baba. Niliongea mpaka akanisimamisha.

Nimepita. Na katika sehemu zote nne, kuongea ndiko kulikonipa alama za juu kabisa. Scovia alinikumbatia mbele ya wagonjwa, nami nikaenda msalani kulia. Nafasi yangu ya Kanada nimeinunua kwa kifo cha Boaz, na mgeni asiyemjua amejua ukweli wake kabla ya mama aliyemzaa.

Kwa hiyo nakuja Jumamosi. Najua mmepanga maombi ya kuniaga na watu wamealikwa. Kabla hawajafika, nataka umwambie Mama kwamba mwanawe alikuwa msikivu, kwamba usikivu ndio uliomuua. Ningependa alisikie kinywani mwako, si mwangu. Asipoambiwa, sitapanda ndege, na nafasi hiyo nitaiacha wapewe wengine. Hilo si tisho. Siwezi kumwacha Mama peke yake na uongo huo, mimi nikiwa mbali.

Usidhani nakuchukia. Nilikuona siku ile ukichimba kwa mikono mitupu mpaka kucha zikang'oka. Mtahini hakuniuliza kama nimekusamehe. Angeniuliza, ningekosa Kiingereza cha kumjibu, na Kiswahili chake bado nakitafuta.

Nisalimie Mama, umwambie nitamletea dagaa wa omena waliokaushwa vizuri. Majirani wote pia wasalimie. Mungu akutunze, Baba, mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi binti yako,
Robi, mdogo wake Boaz.